Alkoholi ya Isopropili kwa Kuondoa Rangi ya Modeli ya Ndege: Tathmini, Pamoja na Washindani Wake Wawili

Mtu anayetaka kuondoa rangi ya modeli ya ndege iliyokwisha kuunganishwa, kupakwa na kubandikwa alama zake zote hukuta vimiminika vinavyosifiwa kwa kazi hiyo ni vingi, na sifa nyingi hutolewa bila kutaja jambo ambalo lingepaswa kutangulia mengine yote, yaani aina ya rangi iliyoondolewa. Tathmini hii inahusu alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na inaipima kando ya dawa ya kusafishia oveni yenye soda kostiki, kisha kando ya maji ya breki. Hukumu yangu naitoa mapema: alkoholi ndiyo ya kununuliwa kwanza, kwa kuwa haiidhuru plastiki kirahisi, haiachi mafuta wala utelezi, na huendelea kuwa na kazi hata baada ya rangi ya zamani kwisha. Lakini mwenye modeli iliyopakwa enameli (rangi yenye mafuta) miaka mingi iliyopita asiitegemee, kwa maana atasugua mpaka mikono iingie ganzi na rangi itakuwa pale pale.

Modeli niliyoifanyia kazi ni ya Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), iliyonifikia ikiwa imekamilika na kupakwa na mtu mwingine kwa brashi ya mkono. Juu ilikuwa na mabaka ya kijani na ya rangi ya udongo, yaani mavazi ya ndege za kivita za Uingereza katika mapambano ya mwaka 1940. Hapo ndipo penye kasoro. Mk IX ilianza kutumika katikati ya mwaka 1942, ikiwa jibu la Waingereza kwa Focke-Wulf Fw 190 ya Wajerumani, na tangu Agosti 1941 rangi ya udongo ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye ndege za kivita za mchana zilizoruka kutoka Uingereza. Mahali pake paliwekwa kijivu cha bahari, na tumbo likapakwa kijivu chepesi zaidi. Kwa hiyo modeli ilikuwa na umbo sahihi na viungo vilivyonyooka, ila ilikuwa imevishwa nguo za kaka yake mkubwa.

Wako wanaoshauri kwamba katika hali kama hiyo inatosha kuipiga msasa rangi ya zamani na kupaka mpya juu yake. Kwa modeli iliyopakwa kwa tabaka jembamba ushauri huo hauna ubaya. Tatizo ni unene. Tabaka la rangi la milimita 0.1, ambalo si la ajabu kwa modeli iliyopigwa brashi mara kadhaa, likikuzwa mara 48 hukaribia milimita 5, na hakuna ndege ya kivita iliyowahi kubeba rangi ya kiasi hicho. Mistari ya viungo vya mabati, ambayo mtengenezaji wa kifurushi (seti ya vipande vya kuunganisha) ameichonga kwa ustadi mkubwa ndani ya plastiki, huzibwa kwanza na rangi ya zamani, kisha hufukiwa kabisa na mpya. Vichwa vya misumari hupotea. Na kingo za mabawa, ambazo hupaswa kuwa kali, huwa butu. Kwa sababu hiyo sikuona njia nyingine isipokuwa kurudi kwenye plastiki.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kujua ni rangi gani iliyopo, na kipimo chake ni kijiti chenye pamba kinacholoweshwa na kusuguliwa mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya uwazi wa gurudumu. Akriliki, yaani rangi zenye gundi ya plastiki, za kampuni ya Tamiya za mfululizo wa X na XF huanza kuipaka pamba rangi karibu mara tu alkoholi inapogusa. Akriliki za maji, mfano wa zile za Vallejo, hukawia, kisha hulainika na kutoka kama ngozi. Laka, yaani rangi zenye kiyeyushi kikali, mfano wa Mr. Color, hukubali kwa shingo upande. Enameli iliyokomaa, mfano wa Humbrol, huiacha pamba ikiwa nyeupe au na doa hafifu tu. Modeli yangu ilinipa majibu mawili: mgongo ulikuwa wa akriliki, na tumbo lilikuwa la enameli. Mchanganyiko huo ulinifaa, kwa maana uliniwezesha kuvijaribu vimiminika vyote juu ya plastiki ileile, iliyounganishwa kwa gundi ileile na kutunzwa mahali pamoja.

Sasa kuhusu alkoholi yenyewe. Watu wengi hutumbukiza modeli nzima katika chombo na kuiacha humo usiku kucha, jambo linalofaa kwa sehemu ambazo bado hazijaunganishwa, lakini silo ninalolipendekeza kwa ndege iliyokamilika. Ndani ya kiwiliwili mna chumba cha rubani chenye kiti, mikanda na dashibodi vilivyopakwa, na mara nyingi vimepakwa vizuri kuliko ganda la nje. Kimiminika kikishaingia humo hakichagui. Vilevile bawa la modeli lina uwazi katikati, na alkoholi inayopenya kwenye uwazi huo huchukua muda mrefu kutoka, ikiendelea kulainisha rangi au puti (kijazio cha mianya) iliyo karibu na tundu la kutokea. Njia niliyoitumia ni ya kufunika: karatasi laini za kupangusia ziliwekwa juu ya bawa, zikaloweshwa kwa alkoholi hadi zikashika plastiki, kisha zikafunikwa kwa nailoni nyembamba ili kimiminika kisiruke. Kifuniko hicho cha nailoni si pambo. Alkoholi ya asilimia 99 hukauka upesi sana, na ikiachwa wazi, karatasi hukauka kabla rangi haijapata nafasi ya kulainika.

Matokeo kwenye mgongo yalikuwa mazuri kupita nilivyotarajia kwa kimiminika kisicho kikali. Karatasi ilipoinuliwa, rangi ya juu iliinuka nayo, na iliyobaki ilikuwa tope zito lililotoka kwa mswaki laini. Dekali za zamani, yaani alama za kubandika, hazikuhitaji kushughulikiwa peke yake, kwani rangi iliyokuwa chini yake ilipolegea zilielea na kutoka vipande vipande. Asitokee mtu akatumaini kuziokoa na kuzitumia tena. Mahali pagumu palikuwa ndani ya mistari ya viungo, ambamo rangi ilikuwa imejaa kama saruji, na hapo mswaki haukutosha. Kijiti cha meno cha mbao, kilichochongwa ncha na kuloweshwa, kiliuzoa mstari baada ya mstari bila kuikwaruza plastiki. Sindano ya chuma ingefanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini sindano ikiteleza huacha mkwaruzo ambao utaonekana wazi chini ya rangi mpya. Rangi ya udongo ilitoka yote. Kijani kiliacha kivuli kwenye plastiki, doa lisilo na unene wowote, ambalo halina madhara kwa kuwa litafunikwa na praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama alkoholi huiharibu plastiki. Polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya vifurushi karibu vyote vya ndege, haiyeyuki katika isopropili. Asetoni huiyeyusha mara moja, na ndiyo maana dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni haipaswi kuletwa karibu na meza hii. Thina za laka nazo huiuma. Hata hivyo, kutoyeyuka si sawa na kutodhurika kabisa. Plastiki iliyo katika mkazo, kama vile kipande kilichopindwa ili kiingie mahali pake kisha kikabanwa na gundi, inaweza kupata nyufa ndogondogo ikikaa muda mrefu ndani ya alkoholi, na vipande vyembamba kama antena vinaweza kuwa vyepesi kuvunjika. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea karatasi zenye kimiminika badala ya kuloweka, na ya kutoiacha karatasi mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ili rangi ilegee.

Kwa vioo ningekuwa mkali zaidi. Kifuniko cha rubani ni polistirini angavu, na kasoro ambayo kwenye bawa ingefichwa na rangi, kwenye kioo hubaki ikionekana milele. Ikiwa kioo kilibandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, kuloweka ukingo wake kwa maji ya vuguvugu huweza kukilegeza, na kikitoka kishughulikiwe peke yake. Ikiwa kilibandikwa kwa gundi inayoyeyusha plastiki, basi kioo na kiwiliwili vimekwisha kuwa kitu kimoja, na kulazimisha ni kuvunja. Changu kilikuwa cha namna ya pili. Nilikiacha mahali pake, na rangi ya fremu nikaiondoa kwa kijiti chenye pamba kilicholoweshwa kidogo tu na kukamuliwa, nikipangusa kwa mwendo mmoja kuelekea nje na kubadilisha pamba kila ilipochafuka. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na sijui njia ya kuifupisha. Ikumbukwe pia kwamba waundaji wengi huchovya vioo katika king'arisha sakafu cha akriliki ili viwe angavu zaidi. Tabaka hilo huondolewa na dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, na likigeuka weupe wakati wa kazi, si lazima kuwa kioo chenyewe kimeharibika.

Kwenye tumbo la ndege alkoholi ilishindwa. Karatasi zilezile, chini ya nailoni ileile, ziliinuka zikiwa safi, na enameli ikabaki iking'aa. Sababu yake inaeleweka. Akriliki za modeli hukauka kwa kupoteza kiyeyushi chake, na kiyeyushi kinachofaa kikirudishwa, hulainika tena. Enameli hukauka kwa hatua mbili: kwanza thina huruka, kisha mafuta yaliyomo hushikana na oksijeni ya hewani na kuunganika kuwa wavu mgumu ambao haukubali tena kuyeyuka, hata katika thina iliyoichanganya rangi hiyo hapo mwanzo. Kadiri miaka inavyopita ndivyo wavu huo unavyokaza. Kwa rangi ya namna hiyo hakifai kitu kinachoyeyusha; kinatakiwa kitu kinachovunja, na soda kostiki hufanya hivyo hasa, kwa mmenyuko uleule unaogeuza mafuta kuwa sabuni.

Dawa ya oveni ya kupuliza niliyoitumia ilikuwa na soda kostiki, na hili lazima lisomwe kwenye lebo, kwa sababu zipo dawa za oveni zisizo na kostiki, zilizotengenezwa ili zisiwe na mvuke mkali, nazo kwa kazi hii hazina faida kubwa. Povu lilipulizwa tumboni peke yake, modeli ikiwa imelazwa chali ndani ya trei ya plastiki na sehemu nyingine zikiwa zimezibwa kwa utepe. Baada ya muda enameli ilikunjamana na kuinuka kama karatasi iliyoloa, na maji mengi pamoja na mswaki vilimaliza kazi. Polistirini haikuonyesha dalili yoyote ya kuumwa. Kwa nguvu peke yake, basi, dawa ya oveni inaishinda alkoholi, na mtu anayekusanya modeli za zamani zilizopakwa enameli ataiona kuwa ndiyo chombo chake kikuu.

Lakini nguvu hiyo ina gharama zake. Soda kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho, hivyo glavu na miwani ya kinga si jambo la hiari, na haifai kupulizwa kwenye chumba kisichopitisha hewa wala kuchanganywa na dawa nyingine yoyote ya usafi. Huila alumini. Modeli nyingi za kisasa hupewa mitutu ya bunduki iliyochongwa kwa alumini, na mitutu hiyo ikiguswa na kostiki huanza kutoa mapovu na kuliwa. Ni lazima iondolewe kwanza. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya oveni huondoa kwa haraka sana utando wa kung'aa unaopakwa viwandani kwenye sehemu za mfano wa kromu, kwani utando huo kwa kawaida ni alumini iliyogeuzwa mvuke na kutandazwa juu ya plastiki. Mwisho, povu halitulii lilipowekwa. Huteremka na kuingia kwenye kila ufa. Kuidhibiti alkoholi kwenye karatasi ni rahisi zaidi kuliko kulidhibiti povu.

Kuhusu maji ya breki sina mengi. Yale ya daraja la DOT 3 na DOT 4 yana etha za glaikoli, nayo huondoa rangi, kama ajuavyo kila fundi aliyewahi kuyamwaga juu ya boneti ya gari. Yale ya DOT 5 ni ya silikoni na hayaondoi kitu. Niliyajaribu ya DOT 4 kwenye kipande cha tumbo, na yalifanya kazi polepole kuliko dawa ya oveni, yakaacha utelezi uliohitaji kuoshwa kwa sabuni mara kadhaa kabla sijaamini kwamba rangi mpya ingeshika. Ni sumu, na kuyatupa salama ni usumbufu. Zamani yalipendwa kwa sababu yalipatikana kwa urahisi kwa yeyote mwenye gari. Kwa mtu anayeweza kupata alkoholi na dawa ya oveni, sioni sababu ya kuyatumia.

Viungo vilistahimili kwa namna tofauti. Mahali palipounganishwa kwa gundi inayoyeyusha plastiki hapakutokea lolote, kwa maana hapo hapana tena gundi, bali plastiki mbili zilizoungana. Vipande vidogo vilivyoshikwa kwa supaglu, mfano wa mabomba ya moshi, vililegea viwili vitatu wakati wa kusugua, na hilo lilikuwa na manufaa kwa sababu vilipaswa kupakwa peke yake. Puti iliyojaza mwanya kati ya bawa na kiwiliwili ililainika na kuzama kidogo, kwa hiyo ilinibidi kuikwangua, kujaza upya na kupiga msasa. Mwenye kuanza kazi hii akubali mapema kwamba ataukuta mshono wowote ambao mtu wa kwanza aliuficha kwa rangi. Baada ya hapo modeli ilioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, isiyo na vilainisha mikono, kisha ikaachwa ikauke hadi maji yote yaliyojificha ndani ya mabawa yalipotoka. Maji ya moto yaepukwe: polistirini nyembamba hupinda kwenye joto.

Ubora wa kimiminika cha kuondolea rangi haupimwi siku ya kuondoa, bali siku ya kupaka. Praima ya kijivu ya Mr. Surfacer 1500 ilipulizwa kwa brashi ya hewa kwa tabaka nyembamba, na ikatoa ushahidi usio na upendeleo. Kwenye mgongo ulioshughulikiwa kwa alkoholi praima ilitulia sawasawa kuanzia tabaka la kwanza. Kwenye tumbo la kostiki nako ilitulia vizuri, isipokuwa karibu na matundu ya magurudumu, ambako mabaki ya povu yalikuwa yamejificha na praima ikajitenga kwa vidoadoa. Sehemu hiyo ilioshwa na kurudiwa. Kwenye kipande cha maji ya breki, pamoja na kuoshwa kote huko, utepe wa kuzibia uliinua ukanda mdogo wa praima. Tofauti hii ndiyo inayonifanya niiweke alkoholi mbele hata ya kitu chenye nguvu kuliko yenyewe: ikishakauka, imekwenda.

Rangi mpya nilizozichagua ni za Tamiya, kwa kuwa kampuni hiyo ina chupa mahususi kwa ndege za Uingereza za kipindi hicho: XF-81 kwa kijani, XF-82 kwa kijivu cha bahari, na XF-83 kwa kijivu cha tumbo. Hapa alkoholi ilipata kazi ya pili. Inaweza kuichanganya rangi hiyo iwe nyepesi kiasi cha kupita kwenye brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 kwa mgandamizo wa takriban bar 1, na ndiyo hiyohiyo inayosafisha brashi baada ya kazi. Hata hivyo, kwa kuchanganya naipendelea zaidi thina ya kampuni yenyewe, X-20A, kwa maana rangi iliyochanganywa na alkoholi tupu hukauka upesi mno, hata matone mengine hufika kwenye plastiki yakiwa yamekuwa unga na kuacha uso wenye chembechembe. Kwa kusafishia haina mpinzani. Kazi ya tatu ni ya kusahihisha: baka la kijani lililovuka mpaka wake lilipanguswa kwa kijiti chenye alkoholi kidogo, na praima iliyokuwa chini, ambayo ni ya jamii ya laka, ilistahimili mpanguso wa haraka. Haitastahimili kusuguliwa kwa muda mrefu.

Kwa kuwa ndege ilikuwa imepata upya wake, nilitaka ivae milia ya uvamizi wa Normandy wa tarehe 6 Juni 1944, mitano kwa zamu, mitatu myeupe na miwili meusi, kuzunguka kiwiliwili na mabawa. Kwa ndege za injini moja kila mlia ulikuwa na upana wa inchi 18, sawa na sentimita 46 hivi, na kwa kipimo cha 1/48 hiyo ni milimita 9.5. Utepe wa kuzibia wa milimita 10 unaonekana kuwa jirani wa kutosha, lakini nusu milimita ikirudiwa mara tano huwa milimita 2.5, ambayo kwenye ndege halisi ni sentimita 12, na mlia wa mwisho utaangukia mahali pasipo pake. Utepe ulikatwa kwa rula na wembe. Nyeupe ilipulizwa kwanza, ikazibwa, ikafuata nyeusi, kisha milia yote ikafunikwa na ndipo rangi za mabaka zikapakwa. Mpangilio huo ni kinyume cha ulivyokuwa uwanjani mwaka 1944, lakini nyeupe juu ya kijani cheusi hudai tabaka nyingi, na tabaka nyingi ndizo tulizotoka kuziondoa. Milia halisi ilipakwa kwa haraka kabla tu ya uvamizi, mara nyingi kwa brashi za mkono, kwa hiyo anayeona kingo zake zimetoka nyoofu kupita kiasi anaweza kuzivuruga kidogo bila kuikosea historia.

Dekali mpya ziliwekwa juu ya vanishi ya kung'aa, ili hewa isinaswe chini yake na kuacha weupe, zikakaziwa kwa Micro Set na Micro Sol, vimiminika vya kushikisha na kulainisha dekali, kisha zikafunikwa kwa vanishi isiyong'aa. Hatua hii haitofautiani na ya modeli mpya, isipokuwa kwa tahadhari moja: baada ya rangi za akriliki kuwekwa, chupa ya alkoholi iondolewe mezani kabisa. Tone moja linaloanguka kwenye bawa litarudia kwa dakika moja kazi iliyofanywa kwa makusudi mwanzoni.

Kwa mnunuzi, yako mambo machache ya kuangalia. Alkoholi ya asilimia 70 huuzwa kwa wingi zaidi na hukawia kukauka, lakini maji yaliyomo huipunguzia nguvu. Kwa akriliki za Tamiya itafaa, kwa zile zinazotoka kama ngozi itahitaji subira, kwa laka itakuwa hasara ya muda. Ya asilimia 91 ni mahali pazuri pa katikati kwa asiyepata ya 99. Spiriti ya kawaida ya kuwashia, ambayo kiini chake ni ethanoli, huondoa akriliki pia, ila baadhi huwa na rangi inayoweza kuchafua plastiki nyeupe, na vilivyochanganywa humo hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Ijaribiwe kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki kwenye kifurushi.

Alkoholi hii huwaka moto kwa urahisi mno. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye nyuzi joto 12 za selsiasi, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa juu ya meza na sakafu kuelekea mahali popote penye cheche. Isitiwe ndani ya mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, kwani mashine hiyo hupasha joto na kurusha mvuke. Wapo wanaofanya hivyo na kujisifu, na siwezi kuwaunga mkono. Madirisha yafunguliwe, glavu za naitraili zivaliwe, na karatasi zilizotumika zikaushwe nje kabla ya kutupwa. Kimiminika kilichochafuka hakina haja ya kumwagwa, na kwa vyovyote kisimwagwe kwenye sinki: kikiwekwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko, rangi hutuama chini, na sehemu ya juu ikichujwa kwa kitambaa hutumika tena kwa raundi za kwanza za modeli inayofuata, ile safi ikihifadhiwa kwa mpanguso wa mwisho kabla ya praima.